Muuguzi Huanza na Lipi?

Huenda umewahi kuketi kwenye benchi la hospitali, mgonjwa wako amekuegemea begani, ukamwona muuguzi anakupita na kwenda moja kwa moja kwa mtu aliyefika nyuma yako. Moyo ukachemka. Ukajiuliza kama mtu yule ana jamaa yake humo ndani, au labda ametoa chochote. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, jambo hilo ni la kukemewa. Lakini mara nyingi sababu huwa nyingine kabisa, nayo ndiyo kiini cha kazi ya uuguzi: katika chumba cha dharura foleni hupangwa kwa ukubwa wa hatari, wala si kwa saa ya kufika.

Wakazi wa Mwanza wana kila sababu ya kulielewa jambo hili. Juu ya kilima cha Bugando ipo hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye vitanda takriban 900, inayopokea wagonjwa kutoka Kanda ya Ziwa yote. Chini mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure. Watu hufika huko kwa basi kutoka Bariadi na Musoma, na kwa meli au mtumbwi wa mashine kutoka Ukerewe na visiwa vya jirani. Kabla ya daraja la Kigongo-Busisi kufunguliwa mwaka 2025, wagonjwa wa Sengerema na Geita nao walilazimika kusubiri kivuko. Mtu anayefika baada ya safari ya namna hiyo aghalabu hana tatizo moja. Huwa nayo matano au sita kwa pamoja. Naye muuguzi mwenye wodi nzima mikononi mwake hawezi kuyashika yote kwa mpigo. Hapo ndipo unapohitajika mpango wa huduma ya uuguzi.

Karatasi ndani ya faili

Mpango huo huandikwa na muuguzi na kuwekwa katika faili la mgonjwa. Daktari huandika jina la ugonjwa na dawa yake. Muuguzi huandika jinsi ugonjwa ule unavyomtesa mtu huyu aliyelala mbele yake: hapumui vizuri, hawezi kumeza, hajapata haja ndogo tangu jana, ana maumivu, ana hofu, hajui atajitunza vipi akirudi nyumbani. Kwa kila tatizo huandika lengo, kazi itakayofanywa, na baadaye matokeo yake. Kuyaorodhesha matatizo si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuamua lipi liwe namba moja na lipi lingoje.

Wanafunzi wa uuguzi hufundishwa mpangilio wa mahitaji ya binadamu ulioelezwa mwaka 1943 na Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani. Kwanza yapo mahitaji ya mwili, kama vile hewa, maji, chakula na usingizi. Hufuata usalama, kisha kupendwa, kisha heshima, na mwisho mtu kuutimiza uwezo wake. Pamoja na hayo hufundishwa kanuni ya dharura: angalia njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu. Hesabu yake ni nyepesi. Asiyepata hewa hufa katika dakika chache, asiyekunywa maji hudumu siku chache, na asiyekula aweza kudumu wiki kadhaa.

Anayelia na aliyenyamaza

Tuchukue mfano wa watoto wawili wanaofikishwa usiku kwa wakati mmoja. Wa kwanza ameungua mkono kwa uji wa moto, naye analia hadi wodi ya pili inasikia. Wa pili, wa umri wa miaka mitatu, ametoka kisiwani akiwa na malaria kali. Amekwisha kupata degedege njiani, na sasa amenyamaza begani kwa mama yake. Watu wote pale barazani watamwonea huruma anayelia. Muuguzi atamkimbilia aliyenyamaza. Kilio chenye nguvu ni dalili kwamba hewa inaingia na kutoka. Kimya cha mtoto asiyeitika anapoitwa ni jambo la kutisha. Mtoto aliyeungua hatasahauliwa: atamwagiwa maji safi yenye ubaridi na kupewa dawa ya maumivu mara tu mikono ipatikanapo.

Sasa tumwandikie mtoto wa pili mpango wake. La kwanza ni njia ya hewa: alazwe ubavu, mate na matapishi yaondolewe, apewe oksijeni ikiwa anahema kwa shida. La pili ni degedege na sukari ya damu, kwa kuwa malaria kali huweza kuishusha sukari hiyo kwa ghafla, na degedege likarudi. La tatu ni upungufu wa damu: viganja vimepauka, hivyo damu ipimwe na itafutwe mapema. Sambamba na hayo huanza sindano ya artesunati, ambayo kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto, na ambayo hurudiwa baada ya saa 12 na tena baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Homa itapoozwa. Chakula kitangoja mpaka mtoto aweze kumeza.

Lakini je, hofu ya mama tuiweke wapi? Kwa kuufuata mpangilio ule neno kwa neno, tungeiandika chini kabisa. Hapa ndipo muuguzi hodari anapojulikana. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu imekuwako imani kwamba degedege ni jambo la mashetani, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mama mwenye imani hiyo, akiachwa peke yake na mawazo yake, aweza kumfunga mtoto mgongoni kabla ya alfajiri na kuondoka. Sindano ya kwanza ikiwa ilichomwa saa nne usiku, ya pili ni saa nne asubuhi. Itamkuta nani kitandani? Kwa hiyo hofu ya mama, ambayo vitabuni ni haja ya moyo, kwa mtoto huyu imekuwa jambo la kufa na kupona. Muuguzi huiandika karibu na juu, na kazi yake huiandika wazi: mama aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kikerewe, Kijita au Kisukuma, kwamba degedege hili limeletwa na malaria, na aonyeshwe kila kinachofanyika.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika mapenzi ya nyumbani methali hiyo ina maana yake nzuri. Wodini, hata hivyo, mgonjwa au mlezi wake huulizwa, kwa sababu yeye ndiye ajuaye kitakachomfanya akae au aondoke.

Namba hubadilika

Kosa jingine ni kudhani kwamba mpango ukiandikwa umekwisha. Mfikirie mvuvi aliyelazwa kwa kutapika damu, ugonjwa ambao huweza kuletwa na kichocho cha tumbo kilichomkaa miaka mingi. Siku ya kwanza namba moja ni damu inayopotea: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, dripu, damu ya kuongezewa. Siku ya tano damu imekoma, naye anauliza atarudi lini ziwani. Sasa namba moja ni elimu: kwa nini alitapika damu, dawa gani aendelee nayo, dalili gani zimrudishe hospitali upesi, na choo kitumike vipi kambini ili mayai ya kichocho yasifike majini. Asipoelezwa, atarejea wodini kwa mlango uleule. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aidha, lengo liandikwe kwa namna inayopimika. Kuandika “mtoto apate nafuu” hakumsaidii yeyote. Lakini ikiandikwa kwamba kufikia asubuhi mtoto huyu wa miaka mitatu awe anapumua chini ya mara 40 kwa dakika, aitike anapoitwa, na awe amepata haja ndogo, muuguzi wa zamu ya asubuhi atahesabu pumzi na kujua kama mambo yanakwenda vyema au la. Vilevile ataona kwamba saa nne kuna sindano. Zamu hubadilika, mgonjwa ni yuleyule. Karatasi hiyo ndiyo inayomkabidhi kutoka mkono hadi mkono.

Kazi yetu sisi jamaa

Mpango mzuri hujengwa juu ya habari za kweli, na nyingi kati ya hizo tunazo sisi tunaomleta mgonjwa. Kumbuka homa ilianza lini, degedege lilimpata mara ngapi, na mara ya mwisho alikula na kukojoa saa ngapi. Chukua kadi ya kliniki na dawa zote alizotumia. Kama alipewa dawa ya kienyeji, sema bila haya. Muuguzi hakuulizi ili akuaibishe. Mtoto akishikwa na degedege njiani, mlaze ubavu. Usimtie kijiko kati ya meno, wala usimnyweshe kitu chochote mpaka azinduke na kuweza kumeza.

Na ukiona umepitwa, usitukane wala usinyamaze. Mwambie muuguzi kwa heshima ni badiliko gani umeliona kwa mgonjwa wako, hasa ikiwa amelegea, anahema upesi au haitiki tena, kwa maana badiliko hilo laweza kumpandisha hadi namba moja mara hiyo. Akishalazwa, uliza: “Dada, kwa mgonjwa wetu mnaanza na lipi, nasi tusaidie wapi?” Swali hilo ni haki yako.