Tarehe ya Kuzaliwa Ikishaingia Jaladani

Januari 2012, Jenerali V. K. Singh, Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la India, aliifikisha serikali yake mbele ya Mahakama ya Juu mjini New Delhi. Hakudai mshahara wala cheo. Alitaka itambuliwe kwamba alizaliwa tarehe 10 Mei 1951, si 10 Mei 1950. Mkuu wa jeshi nchini humo hukaa madarakani miaka mitatu au mpaka atimize umri wa miaka 62, lolote litakalotangulia. Naye alishika wadhifa huo mwishoni mwa Machi 2010, kwa hiyo tarehe ya kwanza ingemwacha kazini mpaka 2013, na ya pili ilimtaka aondoke Mei 2012.

Chanzo cha mgogoro huo kilikuwa fomu. Mwaka 1965, akiwa bado mwanafunzi, fomu yake ya kuomba nafasi katika chuo cha maofisa wanafunzi wa jeshi ilionyesha kwamba alizaliwa 1950. Cheti chake cha sekondari kikasema 1951. Makao makuu ya jeshi yalikuwa na idara mbili zinazotunza kumbukumbu za maofisa. Moja ikashika mwaka huu, nyingine ule, na kwa miongo kadhaa tarehe hizo mbili zikaishi pamoja huku mwenyewe akipanda vyeo. Kibaya zaidi kwake, mwaka 2008 na 2009 aliandika barua za kukubali ile ya 1950.

Tarehe 10 Februari 2012, Majaji R. M. Lodha na H. L. Gokhale walimweleza kwamba shauri lililo mbele yao halihusu siku aliyozaliwa hasa, bali tarehe ambayo mwajiri ameitambua katika kumbukumbu za utumishi. Jenerali akaondoa shauri lake, na tarehe 31 Mei akastaafu.

Wengi hushangaa: cheti cha shule kipo, kwa nini kisitoshe? Jibu ni kwamba tarehe ya kuzaliwa ikishaingia jaladani haimhusu mtumishi peke yake. Aliye chini yake anaisubiri nafasi, na wa tatu anamsubiri huyo. Mwajiri amepanga ajira na mafao kwa kuitegemea. Ukiisogeza mwaka mmoja dakika za mwisho, umewasogeza wote hao bila wao kusikilizwa.

Ndiyo maana tangu 1979 kanuni za India zinamtaka mtumishi wa serikali kuu aombe marekebisho ndani ya miaka mitano tangu aajiriwe, na athibitishe kwamba kosa lilifanyika kwa nia njema. Sharti jingine ni hili: tarehe mpya isimfanye aonekane hakuwa na sifa ya kuajiriwa au kufanya mtihani wakati ule. Chukua mtu aliyeajiriwa 1990 kwa tarehe inayoonyesha ana miaka 18. Akija 2015 kusema alizaliwa miaka mitatu baadaye, anakiri kwamba aliajiriwa akiwa na miaka 15. Huwezi kuingia kazini kwa umri mmoja ukatoka kwa mwingine.

Katika shauri la Harnam Singh, lililoamuliwa 1993, Mahakama hiyohiyo ilikataa ombi la mtumishi wa serikali kuu aliyekaa kimya takriban miaka 35, kisha akaibuka kustaafu kulipomkaribia. Ukimya wake ulihesabiwa dhidi yake.

Naiona kanuni hii kuwa ya haki, ila kwa sharti moja. Mtu aliyezaliwa nyumbani kijijini, ambaye umri wake ulikadiriwa na mwalimu siku ya kuandikishwa shule, hawezi kulaumiwa kwa kosa ambalo hajawahi kuonyeshwa. Taratibu za India zinamwagiza mkuu wa ofisi amwonyeshe mtumishi kitabu chake cha utumishi kila mwaka na kuchukua sahihi yake. Mwajiri asiyefanya hivyo, kisha akamwambia mtumishi amechelewa, anamwonea.

Kwetu Tanzania, kwa kawaida mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60, na miaka hiyo huhesabiwa kwa kumbukumbu za jaladani. Kama una shaka na tarehe yako, mwone afisa utumishi mapema, umwombe mlilinganishe jalada lako binafsi na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na taarifa zako za mfuko wa hifadhi ya jamii. Ushahidi wenye uzito ni ule ulioandikwa kabla hujawa na sababu ya kutafuta umri mwingine: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi. Cheti cha kuzaliwa kilichochukuliwa miezi michache kabla ya kustaafu hutiliwa shaka hata kikiwa cha kweli, na kiapo ni neno lako mwenyewe tu lililogongwa mhuri.

Ukikuta tofauti, usiishie kuongea na afisa mlangoni. Andika barua kwa mwajiri wako, ambatisha vielelezo, ipeleke masjala, na nakala utakayobaki nayo ihakikishe ina mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.