Vidonda vya mdomoni: kwa nini vinarudi kila vikipona

Mteja anaingia duka la dawa mtaani, anakunja mdomo wa chini kwa kidole na kumwonyesha muuzaji alama nyeupe iliyozungukwa na wekundu. Hasemi mengi, maana kusema kunauma. Baada ya muda mfupi anatoka na kifuko chenye vidonge vya amoksilini, vitamini C za kutafuna na kichupa cha GV, ile dawa ya zambarau inayojulikana karibu kila nyumba yenye mtoto. Siku ya tisa kidonda kimepona, naye anaamini dawa imefanya kazi. Mwezi unaofuata kinachomoza kingine, safari hii ubavuni mwa ulimi.

Hali hii ni ya kawaida kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na hasara yake si fedha peke yake. Amoksilini huua bakteria, na kidonda cha aina hii hakiletwi na bakteria. GV ina kazi yake, hasa kwa fangasi wa kinywani na kwa vidonda vya mtoto mwenye surua. Vitamini C ya kutafuna ina tindikali, na tindikali juu ya nyama iliyo wazi ni mateso ya bure. Baya zaidi, mteja ameondoka bila kuulizwa swali lililo muhimu kuliko yote: hiki ni kidonda cha ngapi tangu mwaka uanze?

Madaktari wa kinywa hukiita afta. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya watano hukipata wakati fulani maishani. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kisha hupungua kadiri umri unavyosogea. Siku moja au mbili kabla hakijaonekana, mwenyewe huhisi mahali fulani panawaka. Hutokea doa jekundu, na doa hilo hugeuka kishimo cha mviringo chenye utando wa manjano au wa kijivu. Hupenda sehemu laini za kinywa: ndani ya midomo na mashavu, pembeni na chini ya ulimi, nyuma ya kaakaa karibu na koo.

Wengi wa wagonjwa, takriban wanane kati ya kumi, hupata vile vidogo visivyofika sentimita moja, ambavyo hupona vyenyewe kati ya siku 7 na 14 bila kuacha kovu. Hapo ndipo sifa nyingi za dawa za dukani hutokea, kwa kuwa chochote atakachopaka mtu siku ya saba kitaonekana kimeponya. Wachache hupata vikubwa vyenye kina, vinavyoweza kudumu wiki nyingi na kuacha kovu. Wengine hutokwa na vijidonda kadhaa kwa mpigo, kila kimoja milimita mbili au tatu, vikaungana hadi mtu akashindwa kumeza mate.

Kinachotokea ndani ni kwamba kinga ya mwili inaushambulia utando wa kinywa cha mwili huohuo. Hakuna kimelea kinachohama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kwa hiyo mwenye afta anaweza kula sahani moja na wenzake, kunywea kikombe kimoja na mwanawe na kumbusu mwenza wake bila kumwambukiza mtu. Jambo hili lisemwe kwa sauti, kwa sababu wapo wanaotengewa kijiko nyumbani kwao kwa ajili ya ugonjwa usioambukiza.

Yale malengelenge yanayotoka kwenye kingo za midomo, mara nyingi baada ya homa, ni habari nyingine. Hayo huletwa na virusi vya herpesi, ambavyo Shirika la Afya Duniani linakadiria vimo katika miili ya karibu theluthi mbili ya watu wenye umri chini ya miaka 50. Huanza kama vilengelenge vyenye maji, na yanaambukiza. Fangasi nao huonekana kama utando mweupe unaofutika ukikwanguliwa. Kuzitofautisha hali hizi ni lazima, kwani dawa inayotuliza afta inaweza kuwachochea fangasi na virusi.

Lakini kwa wengi hofu kubwa haihusu kijiko. Inahusu VVU. Katika nchi zilizoshuhudia UKIMWI ukiwamaliza watu miaka ya 1980 na 1990, kinywa chenye vidonda kilikuwa dalili ambayo majirani waliisoma kabla ya daktari, na macho hayo ya majirani bado yapo. Ukweli una pande mbili. Watu wengi wenye afta hawana VVU. Hata hivyo, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia vimo katika orodha ya dalili za hatua ya pili ya VVU kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na vile vikubwa visivyopona huwasumbua zaidi wenye kinga iliyoshuka sana. Mtu ambaye vidonda vyake vimeanza ghafla ukubwani, au vimebadilika na kuwa vikubwa, ana sababu nzuri ya kupima. Kama vinatokana na VVU, dawa za kufubaza virusi huipandisha kinga, na kinywa nacho hupata nafuu.

Ukali wa vidonda hivyo unaonekana katika dawa ambayo madaktari walithubutu kuijaribu. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la thalidomaidi kwa watu wenye VVU waliokuwa na vidonda vya kinywani. Kati ya 29 waliopewa dawa hiyo, 16 walipona kabisa ndani ya wiki nne. Kati ya 28 waliopewa kidonge kitupu, walipona wawili. Thalidomaidi ndiyo iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, hivyo hadi leo hutolewa kwa masharti makali, na kamwe si kwa mjamzito.

Kwa nini basi vinarudi? Urithi una sehemu yake, na mara nyingi mzazi au ndugu wa mgonjwa naye ana historia hiyo. Jeraha dogo huweza kuanzisha kidonda: mswaki mgumu, jino lililovunjika lenye ncha, waya wa kunyooshea meno, kujiuma shavu wakati wa kula. Msongo wa mawazo nao umo, ndiyo maana baadhi ya wanafunzi huvipata majuma ya mitihani. Wapo wanawake ambao vyao hufuata siku za hedhi. Na wapo wanaoshangaa vinapotokea mara tu wanapoacha sigara. Ni kweli wavutaji huvipata kwa nadra zaidi, lakini hiyo si sababu ya kurudia sigara, kwani saratani ya kinywa haina siku 14 za kupona.

Kuna sababu moja inayostahili kupewa nafasi kubwa kuliko inayopewa sasa, nayo ni damu. Utando wa kinywa hujijenga upya kwa kasi, na ili ujijenge unahitaji madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Vikipungua, kinywa huwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuonyesha. Katika Afrika Mashariki njia za upungufu huo ni nyingi na za kawaida kabisa. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni kwa miezi. Hedhi nzito humaliza akiba ya chuma. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha mchicha na maharage kufyonzwa, ilhali ikinywewa saa moja baadaye madhara hupungua. B12 kwa asili hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, kama samaki, dagaa, maini, mayai na maziwa. Nyumba inayoishi kwa ugali na mboga za majani miaka nenda rudi inaweza kupungukiwa nayo bila kujua. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa muda mrefu naye yumo hatarini, maana dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12.

Je, mtu akanunue tu vidonge vya mchanganyiko wa vitamini? Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watu wazima 160 wenye afta kwa mwaka mzima. Waliomeza mchanganyiko huo kila siku hawakupata nafuu kuliko waliomeza kidonge kitupu. Kabla ya hapo, mwaka 2009, madaktari wa Israeli walikuwa wamejaribu B12 peke yake, mikrogramu 1,000 zinazowekwa chini ya ulimi kila usiku kwa miezi sita. Katika mwezi wa mwisho, asilimia 74 ya waliotumia B12 hawakuwa na kidonda hata kimoja, dhidi ya asilimia 32 ya wenzao waliopewa kidonge kitupu. Walionufaika walikuwemo hata wale ambao damu yao haikuonyesha upungufu. Lilikuwa jaribio dogo la watu 58, lakini B12 ni ya bei nafuu na madhara yake ni machache, kwa hiyo ni jambo la kumwuliza daktari bila kuona haya.

Kipimo cha picha kamili ya damu, pamoja na kiwango cha chuma, foleti na B12 pale vinapopatikana, kina manufaa kuliko pakiti ya tano ya amoksilini. Kikionyesha upungufu, daktari atatafuta pia mahali damu inapopotelea.

Yote hayo yanachukua muda, na kidonda kinauma leo. Mwalimu ana vipindi asubuhi, mama lishe lazima aonje mchuzi. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi, ya kusukutua na kutema, husafisha na kutuliza. Chumvi kavu au ndimu iliyobanwa juu ya kidonda haiongezi uponyaji, inaongeza machozi. Aspirini inayowekwa kwenye kidonda huiunguza nyama na kukipanua. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini husaidia wengine, ila mnywaji wa chai ataona meno yake yakishika madoa ya kahawia.

Dawa inayokigusa kiini cha tatizo ni ya aina ya steroidi, kwa mfano pasta ya triamsinoloni, na kanuni yake ni kuwahi. Inafaa zaidi ikipakwa pale mahali panapoanza kuwaka, kabla ya kishimo kufunguka. Kidonda hukaushwa taratibu kwa kitambaa safi, pasta huwekwa kidogo bila kusuguliwa, na mtu hali kitu kwa nusu saa. Usiku baada ya kupiga mswaki ni wakati mzuri. Maumivu yakizuia kula, jeli ya ganzi ya lidokaini hupakwa dakika chache kabla ya mlo, ila kwa watoto isitumiwe bila ushauri wa daktari.

Kuhusu chakula, kinachomdhuru mmoja hakimgusi mwingine. Nanasi, embe mbichi ya chumvi na pilipili, achari na ubuyu hutajwa mara kwa mara. Kabla ya kujinyima vyote, ni bora kuandika tarehe ya kila kidonda, kilipotokea, kilichotangulia kuliwa, na kama kulikuwa na hedhi au usingizi mchache. Dawa ya meno nayo ikaguliwe. Mwaka 1994 watafiti wa Oslo, Norwe, waliripoti kwamba wagonjwa wao walipata vidonda vichache walipotumia dawa ya meno isiyo na sodiamu laurili salfeti, kemikali inayotoa povu. Matokeo ya tafiti zilizofuata hayakulingana yote, lakini kubadili dawa ya meno kwa miezi mitatu hakumdhuru mtu.

Baadhi ya wagonjwa hawapaswi kubaki nyumbani na maji ya chumvi. Mwaka 1937 Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, alieleza ugonjwa unaounganisha vidonda vya mdomoni, vidonda vya sehemu za siri na uvimbe ndani ya macho, unaoweza kuleta upofu. Kwa hiyo daktari akiuliza kuhusu macho na sehemu za siri, ajibiwe wazi. Kuharisha kwa muda mrefu, kupungua uzito na homa zinazojirudia pamoja na vidonda ni dalili za kupelekwa hospitali pia.

Na kuna kanuni ya wiki tatu. Kidonda kilichobaki mahali palepale zaidi ya muda huo kinahitaji kuonwa na daktari wa kinywa hata kama hakiumi, kwa sababu saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi. Watumiaji wa ugoro na walaji wa tambuu wa mwambao na Visiwani wasichelewe hata siku moja baada ya hapo: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha tathmini inayoitambua popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kuwa chanzo cha saratani. Daktari atapapasa kingo za kidonda na tezi za shingo, atasaga ncha ya jino kama ndilo linalochoma, na akiwa na shaka atachoma ganzi na kukata kipande kidogo cha kupeleka maabara.