Kwa nini kiyoyozi cha gari hupoza safarini na kushindwa kwenye foleni

Katika gereji za Mombasa, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura husikika lalamiko la namna moja. Gari likiwa mwendoni, kiyoyozi hutoa hewa baridi bila shida. Likisimama kwenye foleni ya mjini au ya mpakani, hewa hugeuka kuwa vuguvugu, na baada ya dakika chache mshale wa joto la injini huanza kupanda. Mwenye gari huambiwa aongeze gesi. Hulipa, hutoka na gari lake kwenye barabara kuu, huona mambo yametengemaa, na foleni ya kwanza humrudisha palepale alipoanzia.

Mara nyingi gari la namna hiyo halina upungufu wa gesi. Feni yake haifanyi kazi, au inafanya kazi kwa kuchelewa.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi; huhamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Gesi husukumwa na kompresa hadi ikawa na shinikizo kubwa na joto kali, kisha hupitishwa katika kondensa, yaani ule wavu wa mabomba membamba uliosimama mbele ya rejeta. Hapo gesi hukabidhi joto lake kwa hewa ya nje na kugeuka kuwa kimiminika. Gari likienda kasi, upepo wenyewe hupita katika wavu huo na kazi hukamilika. Likisimama, hakuna upepo ila ule unaovutwa na feni. Feni isipozunguka, shinikizo hupanda, swichi ya usalama huizima kompresa, na abiria hupata hewa ya vuguvugu. Kwa kuwa rejeta iko nyuma ya kondensa na hutegemea upepo uleule, maji ya injini nayo huanza kuchemka. Ndiyo sababu dalili hizo mbili huandamana.

Gesi ikipungua, dalili huwa tofauti: baridi hufifia wakati wote, hata kwenye barabara kuu. Dereva anayeweza kumweleza fundi tofauti hiyo amekwisha kujiokolea fedha.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Gari huachwa likinguruma mahali pa wazi, boneti ikiwa juu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na mtu hutazama. Katika magari mengi feni huanza kuzunguka baada ya sekunde chache; mengine husubiri kwanza shinikizo lipande. Mikono, mikono ya kanzu na ncha za kanga zikae mbali, kwa maana feni ya umeme haitoi taarifa kabla ya kuanza, na katika baadhi ya magari huweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Hilo la mwisho si ugonjwa: gari limetengenezwa hivyo ili kuondoa joto lililobaki.

Feni isipozunguka, busara ni kuanza na vitu vya bei rahisi. Fyuzi hutazamwa kwanza. Kisha rilei ya feni hubadilishwa kwa muda na nyingine inayofanana nayo kabisa ndani ya kisanduku kilekile, mara nyingi ile ya honi. Kama hali ni ileile, mota ya feni huchomolewa plagi yake na kupelekewa umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, na kosa liko katika nyaya, swichi au kihisi cha joto. Ikikaa kimya, au ikasita na kukwaruza, kaboni zake zimekwisha au beringi zimekufa. Fyuzi inayoungua tena na tena huonyesha aghalabu kwamba mota imekaza na inavuta umeme kupita kiasi, au kwamba waya umegusana na chuma. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya mahali pake, ni kuualika moto.

Toyota nyingi za miaka ya 1990, ambazo bado zinatumika kwa wingi katika ukanda huu, zina njia ya mkato. Ufunguo ukiwa umewashwa, fundi akichomoa plagi ya swichi ya joto la maji, feni hutakiwa kuzunguka mara moja. Ikizunguka, mota na rilei ni nzima, na swichi ndiyo ya kushukiwa.

Kosa linalowapotosha mafundi kuliko yote ni la feni yenye kasi mbili. Katika magari mengi, hasa ya Kijerumani, kasi ndogo hupatikana kwa kupitisha umeme katika kizuizi kidogo kilicho karibu na feni. Kizuizi hicho kikiungua, kasi ndogo hupotea na kasi kubwa hubaki. Feni husubiri hadi injini iwe imepata joto la hatari, ndipo huanza kuvuma kwa kishindo. Fundi akiitazama wakati huo huona inazunguka, hutangaza kwamba ni nzima, na hurudi kwenye chupa ya gesi.

Yako pia mambo madogo yanayosahaulika. Feni iliyobadilishwa huweza kuungwa nyaya kinyume ikasukuma hewa kuelekea mbele. Karatasi ikishikwa mbele ya gari inapaswa kuvutwa kuelekea ndani. Vumbi la barabara za murami, wadudu na tope huziba kondensa hata kama feni ni nzima. Huoshwa kwa maji ya mpira wa kawaida, kwa kuwa mashine ya shinikizo kubwa huvilaza vile vipande vyembamba vya bati na kuziba njia ya hewa kabisa.

Feni ya kuunga moja kwa moja

Mafundi wengi wana dawa moja: huiunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote, au humwekea dereva swichi karibu na usukani. Kama msaada wa kufika nyumbani, haina ubaya. Kama tiba ya kudumu ni mbaya, kwa sababu mota huchakaa kabla ya wakati, nyaya nyembamba hupata moto, na siku dereva akisahau swichi, hasara huwa ya injini nzima. Kuitoa thamostati ni dawa ya jamii hiyohiyo: injini hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi, na kosa la feni hubaki lilivyo.

Nchi za milimani hazina huruma kwa makosa hayo. Kigali, iliyo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, si 100. Kifuniko cha rejeta hupandisha kiwango hicho kwa kubana shinikizo. Kikilegea, kinga hiyo hutoweka. Dereva anayepanda kutoka Bujumbura nyuma ya lori lililojaa huenda polepole huku injini ikitumia nguvu nyingi, hali ambayo feni huhitajika kuliko wakati wowote.

Mshale ukianza kupanda, kiyoyozi kizimwe na hita iwashwe hadi mwisho, ijapokuwa ni adha, kwa kuwa hutoa sehemu ya joto la injini. Ukiendelea kupanda, gari lisimamishwe pembeni na injini izimwe. Kifuniko cha rejeta kisiguswe hadi injini ipoe, wala maji baridi yasimwagwe juu ya chuma cha moto. Silinda hedi ya alumini ikipinda au gasketi yake ikiungua, gharama haifanani tena na ya rilei.

Gesi na makubaliano ya Kigali

Gesi ya kiyoyozi huzunguka katika mabomba yaliyofungwa, haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua kwa kasi, pana mahali inavuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kulipia hewa. Ikizidishwa, shinikizo hupanda na hali huwa mbaya zaidi. Kipimo chake hutolewa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti, na hupimwa kwa mizani, wala si kwa kugusa bomba kwa mkono.

Magari mengi hapa hutumia R-134a, ambayo huongeza joto duniani takribani mara 1,430 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Gesi za jamii hiyo ndizo zilizolengwa na marekebisho ya Mkataba wa Montreal yaliyopitishwa Kigali mwezi Oktoba 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, ambayo yanazitaka nchi kupunguza matumizi yake hatua kwa hatua. Magari mapya zaidi, hasa ya Ulaya, huja na R-1234yf, ambayo ina viungio vyake na huweza kushika moto. Gesi hizo mbili hazichanganywi, na jina la iliyomo limeandikwa kwenye kibandiko kilekile chenye kipimo cha gramu.