BENCHI LA NJE LIDUMU MIAKA MINGI



Katika vijiji vyetu vya Mpanda, Mlele na Nsimbo, mambo mengi hufanyika nje. Mgeni hukaribishwa chini ya mwembe. Jioni watu huketi nje na kuzungumza. Kwa hiyo karibu kila mji una benchi la nje.

Lakini mabenchi mengi hayadumu. Misimu miwili ya mvua tu, miguu imeoza. Mzee anaketi, benchi linavunjika, anaumia kiuno. Kisha mti mwingine unakatwa ili kutengeneza benchi jingine. Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana.

MAADUI WA MBAO

Mbao iliyo nje ina maadui wanne: maji, jua, mchwa na bungua. Katika mkoa wetu wa Katavi mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Halafu huja jua kali la kiangazi. Mbao ikilowa huvimba. Ikikauka husinyaa. Ikivimba na kusinyaa mara nyingi, hupasuka. Maji huingia katika ufa, na kuoza kunaanza humo.

CHAGUA MBAO

Mninga ni mbao nzuri sana kwa kazi ya nje. Kiini chake cha kahawia hakisinyai sana, na mchwa hawakipendi. Lakini uwe macho! Gogo la mninga lina sehemu mbili. Sehemu ya ndani ndiyo kiini. Sehemu iliyo karibu na gome ni nyeupe, na hiyo huliwa na bungua upesi. Basi unaponunua, tazama pande zote za mbao. Ukiona ukingo mweupe, ukate uutupe. Usiseme, "Huu ni mninga, hauliwi." Unaliwa!

Mbao za mtundu na miyombo hupinda na kupasuka zinapokauka. Mbao za msindano, kama zile za mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, ni rahisi kuranda, ila huoza haraka zikiwa nje. Ukitaka msindano, nunua mbao zilizotiwa dawa kiwandani. Mabaki ya mbao hizo usiyapikie, maana moshi na majivu yake yana sumu.

Kumbuka pia kwamba mninga hukua polepole. Mti wa kupasua mbao huweza kuwa na umri kuliko babu yako. Ndiyo sababu serikali imeulinda kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Haukatwi bila kibali. Muulize ofisa misitu kwanza. Ukinunua mbao, dai risiti uisome mwenyewe. Kisomo ulichopata kikufae hapo.

KAUSHA KWANZA

Usitengeneze benchi kwa mbao mbichi. Zipange kivulini, juu ya mawe, zisiguse ardhi. Kati ya mbao na mbao weka vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Ukizipanga Mei, mbao za inchi 1 huwa tayari kabla ya mvua za Novemba.

Utajuaje kwamba zimekauka? Chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani ya dukani kila juma, uandike uzito wake katika daftari. Uzito ukiacha kupungua, mbao imekauka.

TENGENEZA ILI MAJI YAPITE

Mbao hunywa maji zaidi kwa ncha zake, kama mtu anavyonywa kwa mrija. Kwa hiyo ncha za miguu zipakwe mafuta au rangi kuliko mahali pengine pote. Usiifukie miguu ardhini. Isimamishe juu ya mawe bapa au matofali ya kuchoma. Kati ya mbao za kukalia acha nafasi ndogo, upana wa penseli, ili maji ya mvua yasituame.

PAKA

Rangi ya mafuta huzuia jua na maji vizuri. Paka ya kwanza, iache ikauke, kisha paka mara mbili tena. Vanishi huonyesha uzuri wa mninga, lakini jua huipasua. Mwambie mwenye duka, "Nataka ya kupaka nje." Usipake kamwe juu ya mbao mbichi. Maji yatafungiwa ndani, nayo mbao itaozea humo humo.

Nta yetu ya nyuki je? Inyonga na sehemu nyingine za mkoa huu zina wafugaji wengi wa nyuki, na nta inapatikana. Chukua mafuta ya kitani ya dukani sehemu 4 na nta sehemu 1. Yeyusha katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka. Kopo hilo lisitumike tena kwa chakula. Paka kwa kitambaa, kisha futa mafuta yaliyozidi. Nta haizuii jua kali, hivyo rudia kila mwaka kabla ya mvua.

HADHARI! Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa huweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Nyumba ya nyasi itateketea. Kitandaze nje kikauke, au kitie ndani ya maji.

Oili chafu ya magari watu wengi huipenda kwa sababu ni ya bure. Isitumike kwenye benchi. Huchafua nguo, na ina sumu inayodhuru ngozi na udongo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya kupaka ni siku moja kwa mwaka. Kutengeneza benchi jipya ni siku nyingi, fedha, na mti mzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mabenchi yaliyovunjika kijijini kwenu yalianza kuoza wapi?
2. Kwa nini mguu wa benchi usifukiwe ardhini?
3. Ni nani kijijini kwenu anayepanda miti ya mbao kwa ajili ya wajukuu?