Labda na hapana budi

Wanangu, sogeeni karibu niwaeleze habari ya mtu mmoja wa Mwanza aliyejua kupima maneno yake.

Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alipanda kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa, ndilo Ziwa Victoria la leo, limetanda mbele yake. Alikuwa ameacha mkuu wa msafara wao, Richard Burton, akiwa mgonjwa huko Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Pamoja na Speke alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa kijana na baadaye akarudi Afrika. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani, kwa hiyo swali la Speke lilipita zaidi ya lugha moja kabla ya kumfikia mwenyeji.

Aliuliza ziwa linaishia wapi. Aliyejibu alisifika hapo kuwa amesafiri kuliko wote. Speke mwenyewe ameandika kwamba mtu huyo aligeukia kaskazini, akatikisa kichwa na kurusha mkono mbele huku akialisha vidole kuonyesha kitu kisichopimika. Kisha akasema kwamba hakuna ajuaye, ila yeye anadhani ziwa linafika mwisho wa dunia.

Tazameni jibu hilo. Wengi hucheka wakisikia "mwisho wa dunia" na kuyaacha maneno yaliyotangulia, nami nayapenda hayo kuliko yote. Alitenganisha wasilolijua watu wote na analolidhani yeye peke yake. Zaidi ya hapo, neno "anadhani" lilipita katika lugha zote zile likafika kwenye daftari la Speke likiwa zima.

Speke hakulizunguka ziwa. Alikaa Mwanza siku chache tu, na ugonjwa wa macho ulikuwa umemsumbua sana mwaka huohuo safarini Tanganyika. Hata hivyo alirudi Kazeh akamwambia Burton kwamba amekiona chanzo cha mto Nile. Burton akataka ushahidi, na urafiki wao ukaanza kuvunjika. Mwaka 1862 Speke alifika Jinja, akaona maji yakitoka ziwani kwenda kaskazini, akazidi kushikilia. Wapinzani wake wakasema hajaufuata mto hatua kwa hatua, na pengine analoliita ziwa moja ni maziwa kadhaa. Yeye na Burton walipangiwa mjadala mbele ya wataalamu huko Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla yake, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Ugomvi huo wote ulikuwa juu ya tofauti ya kujua na kudhani, na Kiswahili kimetupa maneno mengi ya kuonyesha tunajua kwa kiasi gani. Chukueni meli iliyoondoka Mwanza asubuhi kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Aliye gatini Nansio akiiona imetia nanga atasema, "Imefika." Aliyebaki Mwanza akitazama saa atasema, "Itakuwa imefika." Hakuona; amepiga hesabu, na kile kitenzi kimeitangaza hesabu yake. Wa tatu atasema, "Eti imefika," nasi tutajua ameambiwa na wala hajitii dhamana. Yupo wa "huenda" na "yamkini", anayeacha mlango wazi. Mwenye "yakini" ni yule asiyebakiwa na shaka hata chembe.

Sasa lichukueni "labda". Tulilipata kutoka Kiarabu, na kule wanasema "la budda". Hiyo "la" ni hapana. Na "budda"? Ni budi yetu hiihii! Kwa hiyo "labda", ukiifuata mpaka kwao, maana yake ni hapana budi. Neno lililoanza likimaanisha jambo halikwepeki, kwetu leo linamaanisha huenda likawa, huenda lisiwe.

Mnadhani ni Waswahili peke yetu? Mbali kabisa, katika visiwa vya Ufilipino, watu wa Cebu na majirani zao wanazungumza Kisebuano. Wahispania waliwatawala zaidi ya miaka 300 na kuwaachia neno "seguro", ambalo kwa Kihispania ni hakika. Wasebuano wakaliita "siguro", na kwao maana yake ni labda! Wakitaka kusema jambo ni la hakika hutumia ndugu yake, "sigurado". Kwa labda ya asili wanayo "tingali", na wanayo "basin", ambayo mara nyingi hubeba hofu kidogo, kama tunaposema "isije ikawa". Bahari moja na nyingine, watu wasiojuana, na neno la uhakika limeteleza njia ileile.

Sababu yake naiona katika midomo yetu. Mtu akiwa anajua, husema tu: mvua inanyesha. Asiyejua ndiye huongeza nguzo. Sikilizeni mgeni anapokaribishwa: "Bila shaka umechoka na safari." Mwenyeji hajui kama mgeni amechoka, anakisia kwa upole. Lakini ametamka "bila shaka", na maneno hayo yakitumiwa hivyo mwaka baada ya mwaka, yanaanza kulegea. Nami nina wasiwasi kwamba yatafuata njia ya labda.

Kwenye ziwa letu jambo hili linagusa uhai. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa ya pwani zote husukumwa kuelekea katikati ya ziwa, hukutana, hupanda juu, na radi huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huja usiku, na usiku wa giza ndio wakati wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari huandika mambo mawili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na kila moja hupewa daraja lake. Wanafanya vizuri sana kuyatenganisha. Dhoruba ya "huenda" yenye uwezo wa kupindua mtumbwi inatosha kumzuia mvuvi nchi kavu, hata asubuhi ikikucha shwari. Kukikucha shwari, msiseme watabiri walidanganya. Waliahidi huenda, na huenda ndiyo waliyoitoa.

Rudini kwa Speke. Mwaka 1875 msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alifika Kageye, mashariki mwa Mwanza, akiwa na mashua iliyobebwa vipandevipande mabegani mwa wapagazi tangu pwani. Waliiunganisha, na kati ya Machi na Mei akalizunguka ziwa. Lilikuwa ziwa moja, lenye eneo tunalolijua leo kuwa takriban kilomita za mraba 68,800, na maji yake yalitoka Jinja. Kumbe Speke alisema kweli! Ndiyo, lakini mwaka 1858 alikuwa hajajua bado. Alipatia, na kupatia si kujua. Yule mtu wa Mwanza alikosea kuhusu mwisho wa dunia, ila kuhusu kiasi cha ujuzi wake hakukosea hata kidogo.

Na chanzo cha Nile? Jinja wamemjengea Speke mnara. Lakini ziwa nalo linalishwa na mito, mkubwa wao Kagera, na Kagera ina vijito vyake vya juu. Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker alifuata kimoja mpaka Rutovu, Burundi, na hapo pamejengwa piramidi ndogo. Mwaka 2006 msafara mwingine ulipanda mto kutoka baharini hadi msitu wa Nyungwe, Rwanda, nao ukasema chanzo cha mbali kabisa kiko huko. Nendeni maktaba mkalinganishe ushahidi wao, kisha mje mniambie mnatumia neno gani.