Moto wa Msitu na Nyumba za California: Kweli au Uongo?

"Moto wa msitu ukija umekuja, nyumba haina pa kuponea."

Uongo, na ndio unaoponza wengi. Nyumba nyingi haziunguzwi na ndimi za moto wa msituni bali na cheche. Upepo huzirusha hata zaidi ya kilomita moja, zikatua kwenye majani makavu yaliyojaa mfereji wa paa au zikapenya tundu la hewa hadi darini. Miaka ya 1990 huko Kanada, mtafiti wa Marekani Jack Cohen alishiriki majaribio ya kuwasha msitu mbele ya kuta za mbao. Zilizokuwa umbali wa mita 30 hazikushika moto. Nao mji wa Paradise, ulioteketea Novemba 2018 watu 85 wakafa, ulibaki na misonobari ya kijani imesimama kando ya majivu ya nyumba. Sasa hapo utaulaumu msitu peke yake?

"Basi nifyeke miti yote."

Uongo. Mti wenye afya, uliopogolewa, usioinamia paa, unaweza kubaki. Muhimu zaidi ni mita 1.5 za kwanza kutoka ukutani: pasiwe na vichaka, kuni, wala uzio wa mbao uliogusana na nyumba. California ilipitisha sheria ya eneo hilo mwaka 2020. Kanuni zake zilipojadiliwa 2025, wakazi wengi wa Los Angeles walizipinga wakitetea bustani zao, ingawa mitaa ya Palisades na Altadena ilikuwa imeteketea Januari mwaka huohuo. Mapenzi ya bustani nayaelewa. Lakini kichaka chini ya dirisha ni kuni zilizokwisha kupangwa.

"Zimamoto wapo."

Wapo, ila hawatoshi. Siku ya upepo mkali mamia ya nyumba huwaka ndani ya saa chache. Palisades, Januari 2025, baadhi ya mabomba ya zimamoto yaliishiwa maji.

"Jirani asiposafisha, mimi najisumbua bure."

Nusu kweli. Nyumba inayowaka mita chache kutoka kwako ni hatari kuliko mti wowote. Ila usiposafisha wewe, huenda ya kwanza kuwaka ikawa yako, ukamuunguza yeye.

"Ni gharama za matajiri."

Kubadilisha paa, kweli, ni ghali. Kuzoa majani mferejini ni ngazi na glavu tu, na wavu wa chuma wenye vitundu vya milimita 3 kwa matundu ya hewa hauhitaji mkopo. Anza na hayo kabla upepo mkali haujaanza.