Je, wajua? Kizingo cha mto hupimwa kwa vibanzi

Mto Gucha huanzia nyanda za juu za Kiabonyoru, Nyamira, ukapindapinda kupitia Kisii hadi unapoungana na Mto Migori kuelekea Ziwa Victoria. Kwenye vilima vya Gusii mashamba mengi ni vipande virefu vyembamba, toka barabara ya kileleni hadi bondeni, maana baba akigawa hutaka kila mwana apate njia juu na maji chini. Ua wa kushoto na wa kulia umenyooka. Chini ni mto, na hapo urefu mara upana haufui dafu.

Dawa yake ni intigrali. Likate shamba kuwa vibanzi vyembamba, upime kila kimoja, ujumlishe. Vibanzi vikizidi kuwa vyembamba, jumla huelekea namba moja tu, nayo ndiyo eneo. Mwaka 1675 mwanahisabati Leibniz aliipa jumla hiyo alama ya S ndefu.

Lakini mto hauna fomula. Mpimaji ana futikamba tu. Tuseme amenyoosha mstari wa mita 60, na kila baada ya mita 10 akapima umbali hadi majini: 20, 26, 30, 31, 28, 24, 20. Kanuni ya trapezia, ile ya kidato cha nne, inatoa mita za mraba 1,590. Kanuni ya Simpson, inayopitisha parabola juu ya vipimo vitatu vitatu badala ya mstari ulionyooka, inatoa 1,600: karibu pointi nne ya ekari, kama wanavyosema madalali.

Linalonivutia ni mahali zilipopotelea zile mita 10 za mraba. Trapezia haikosei ovyo. Shamba likitokeza kuelekea mtoni, mistari yake iliyonyooka hupita ndani ya ukingo, basi hupunja muuzaji. Mto ukiingia shambani, mistari hiyo hupita juu ya maji na mnunuzi hulipia samaki. Kwa hiyo ukitazama tu upande ambao mto umejikunja, utajua nani anaumia kabla futikamba haijakunjuliwa. Kanuni ya kupima katikati ya kila kibanzi hukosea upande wa pili, kwa takriban nusu ya kosa hilo. Changanya mbili za katikati na moja ya trapezia, ugawe kwa tatu, umepata Simpson.

Na barabara ya juu nayo ikipinda? Huhitaji kukokotoa maeneo mawili. Katika kila kibanzi chukua umbali wa barabara toka kwenye mstari wako, utoe ule wa mto; mstari ukipita katikati yao, jumlisha badala ya kutoa. Mstari wenyewe unajifuta, popote ulipouweka.

Kwa Kisii, hata hivyo, kosa kubwa zaidi huwa miguuni. Eneo la kwenye ramani ni la ardhi iliyolazwa. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 10 za futikamba iliyolala juu ya nyasi ni mita 8.66 tu za ramani, kosa linalomeza hesabu zote za Simpson. Kamba ishikwe sambamba na upeo wa macho, timazi ining'inizwe, na mteremko ukiwa mkali upimwe hatua kwa hatua, mita chache chache.